Simu Yako ni Sauti Yako: Usalama wa Simu na Kompyuta kwa Watu Wote



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia mashamba, ng'ombe, kurudi kwa wakimbizi na kazi ya kamati za amani. Mara hii tunazungumzia simu. Huenda utauliza simu inahusiana vipi na amani. Jibu ni fupi: hapa Fizi na Baraka, habari ya vita na habari ya amani hupita kwenye simu kabla ya kupita mahali pengine. Mtu akiichukua simu yako, au akilichukua jina lako ndani ya simu, anaweza kusema neno ambalo wewe hukulisema, na watu watalipokea kwa sababu wanakuamini wewe.

Meli za UNHCR zilipoanza kuwaleta wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005, familia nyingi zilipata habari za ng'ambo ya ziwa kwa barua, kwa redio na kwa midomo ya wasafiri. Baadaye simu za mkononi zilienea. M-Pesa ya Vodacom ilianza Kongo mwaka 2012, na leo Airtel Money na Orange Money pia zinajulikana. Kwa hiyo simu moja imekuwa barua, redio, kitambulisho na sanduku la pesa kwa wakati mmoja. Anayeiba simu ya namna hii anaiba vitu vinne.

Makala hii haihitaji ujuzi wa kompyuta. Inaeleza mambo ya msingi ambayo mkulima, mwalimu, mama wa sokoni, mjumbe wa kamati ya amani na mfanyakazi wa shirika wanaweza kuyafanya wenyewe, mengi bila kulipa kitu.

USALAMA MAANA YAKE NINI?

Fikiria barua unayompa nahodha wa boti aipeleke kwa dada yako huko Kigoma. Una wasiwasi wa aina tatu. Kwanza, je, kuna mtu ataifungua na kuisoma? Pili, je, kuna mtu atayabadilisha maneno yake njiani? Tatu, je, itafika, au itapotea ziwani?

Wataalamu wa kompyuta wana wasiwasi huohuo. Wa kwanza wanauita siri, wa pili ukamilifu wa habari, na wa tatu upatikanaji. Watu wengi wakisikia neno usalama wanafikiria siri peke yake: "Mimi sina siri, basi sina hatari." Hapo wanakosea. Katika eneo lenye makabila mengi na vidonda ambavyo havijapona, wasiwasi wa pili ndio mkubwa zaidi. Barua iliyosomwa na jirani inaleta aibu. Barua iliyobadilishwa njiani inaweza kuleta vita. Chukua mfano mdogo: kikao cha usuluhishi kimepangwa Jumamosi, na Ijumaa jioni ujumbe unatoka kwenye simu ya katibu ukisema, "Msije, wenzetu wamepanga kutushika njiani." Kama katibu hakuandika ujumbe huo, nani atawaambia watu, na kwa njia gani, kabla hawajachukua hatua?

Je, adui ni nani? Wengi hudhani ni mtaalamu anayekaa mbali na kompyuta kubwa. Wapo wa namna hiyo, lakini mara nyingi ni mtu wa kawaida anayeomba kwa upole kitu ambacho hupaswi kumpa. Ndiyo maana ulinzi mwingi tunaoueleza hapa ni wa tabia zaidi kuliko wa mashine.

MLANGO WA KWANZA: NAMBA YA SIRI

Simu isiyo na namba ya siri ni nyumba isiyo na mlango. Fikiria ni mara ngapi simu inatoka mkononi mwako kwa siku moja: unaiacha kwa mwenye jenereta au sola akuchajie, unamwazima mgeni apige simu moja, unampa kijana wa burotiki akuwekee nyimbo au picha. Kwa muda huo wote simu iko wazi.

Weka namba ya kufungulia kioo yenye tarakimu 6 au zaidi. Usitumie 0000, 1234, mwaka wa kuzaliwa wala namba za mwisho za simu yako. Anayekufahamu atazijaribu hizo kwanza, na walaghai wengi huanza na zilezile.

Namba ya siri ya pesa ni nyingine kabisa. Isifanane na ile ya kioo. Usiiandike kwenye kipande cha karatasi nyuma ya betri, wala kuihifadhi kati ya majina ya watu katika simu. Usimtajie mtu wa kabini hata kama foleni ni ndefu na anasema atakusaidia, ibonyeze mwenyewe. Kampuni ya simu haina sababu ya kukuuliza namba hiyo. Anayekuuliza kwa simu ni mwizi, hata kama anajua jina lako kamili.

Kwa kompyuta na barua pepe, urefu wa neno la siri una nguvu kuliko ugumu wake. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, uchanganye na lugha za kwetu, kwa mfano: ndagala baiskeli mvua kinanda. Ni rahisi kukumbuka na ni vigumu kubahatisha, hata kwa mashine inayojaribu maelfu ya maneno kwa sekunde. (Usitumie huo mfano wetu, sasa umesomwa na wengi.) Na usitumie neno moja kila mahali. Likiibiwa sehemu moja, mwizi atalijaribu kwenye milango yako yote.

TARAKIMU SITA AMBAZO HAZITOLEWI

Wizi wa akaunti ya WhatsApp unahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu watu wenye akili zao timamu hunaswa kila siku.

Akaunti ya WhatsApp imefungwa kwenye namba ya simu. Mtu akiweka programu hiyo kwenye simu mpya na kuandika namba yako, WhatsApp hutaka kuhakikisha kwamba ni wewe. Inatuma tarakimu 6 kwa SMS kwenye laini yako. Mwizi ana simu, ana namba yako, anakosa hizo sita tu. Afanye nini? Anakuomba.

Hakuombi kwa jina lake. Anaandika kutoka kwenye akaunti ya mtu unayemfahamu ambaye ameshaibiwa: "Yaya, samahani, nimekosea nimetuma namba zangu kwenye simu yako. Nirudishie haraka." Unaangalia, kweli umepokea tarakimu 6. Unamwonea huruma mdogo wako, unazituma. Baada ya dakika moja WhatsApp yako inafungwa, na mwizi ameshika jina lako, makundi yako na marafiki zako. Kwanza ataomba pesa: "Mtoto amelazwa, nitumie dola 20 kwa namba hii." Akipenda, ataandika pia katika kundi la kamati ya amani, na kila mmoja atadhani ni wewe.

Kinga ni mbili. Ya kwanza: tarakimu zinazokuja kwa SMS hazitolewi kwa mtu yeyote, awe ndugu, mchungaji, mkubwa wa kazi au mfanyakazi wa kampuni. Hakuna namba inayokuja kwenye simu yako "kwa makosa" ambayo mwenzako anaihitaji.

Kinga ya pili ni kufuli la ziada. Tangu mwaka 2017 WhatsApp imewapa watumiaji wote uwezo wa kuweka namba yao wenyewe juu ya ile ya SMS. Kwenye simu ya Kifaransa fungua Paramètres, kisha Compte, kisha Vérification en deux étapes. Chagua tarakimu 6 zako, uandike na anwani ya barua pepe ili usikwame ukizisahau. Hapo mwizi aliyepata SMS yako atakutana na mlango wa pili. Kazi hii inachukua dakika mbili.

Angalia pia palipoandikwa Appareils connectés. Mtu aliyeazima simu yako kwa muda mfupi anaweza kuiunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake, kisha akasoma ujumbe wako kwa siku nyingi bila wewe kujua. Ukiona kifaa usichokitambua, kiondoe.

LAINI YA SIMU NAYO NI MLANGO

Mambo manne kuhusu laini, na yote yanahusu pia simu ndogo zisizo na intaneti.

Kwanza, kuelekeza simu. Mtu anakupigia akijifanya fundi wa kampuni: "Bonyeza **21*, kisha namba nitakayokutajia, kisha #, tukuongezee mtandao." Ukifanya hivyo, simu zote unazopigiwa zitaenda kwake. WhatsApp huweza kutoa zile tarakimu 6 kwa kupiga simu na kuzisoma kwa sauti, na sauti hiyo ataisikia yeye. Kuangalia kama simu zako zimeelekezwa mahali, bonyeza *#21#. Kufuta maelekezo yote, bonyeza ##002#.

Pili, namba iliyoachwa. Watu wa kando ya ziwa wana laini mbili au tatu: ya Kongo, ya Tanzania, ya Burundi. Vita vinapotokea, mtu anavuka na kuiacha laini ya Kongo imezimwa miezi mingi. Kampuni za simu huichukua namba isiyotumika kwa muda mrefu na kuiuza kwa mteja mwingine. Huyo mwingine hana kosa, lakini sasa ana namba ambayo bado iko katika orodha za vikao, katika akaunti ya pesa au katika barua pepe ya mwenyewe wa kwanza. Kabla ya kuiacha laini, hamisha WhatsApp kwenye namba mpya, toa pesa zilizobaki, na uwaambie viongozi wa makundi wakutoe. Na wewe kiongozi wa kundi, kila baada ya miezi mitatu pitia majina. Nani huyu? Bado yuko? Bado ni namba yake?

Tatu, laini yenyewe inaweza kuwekewa namba ya siri, ili mwizi asiichomoe na kuitumia katika simu nyingine. Ukikosea mara tatu inajifunga na kuomba namba ya PUK iliyokuja na laini. Basi hifadhi kile kikaratasi nyumbani. Ukikosea PUK mara 10, laini imekufa.

Nne, bonyeza *#06#. Utaona namba ya tarakimu 15, ambayo ni kitambulisho cha simu yako. Iandike kwenye daftari. Simu ikiibiwa utaweza kuthibitisha kwamba ilikuwa yako.

ANAYEJIFANYA RAFIKI

Ulaghai hufuata shida za watu. Penye njaa, mlaghai anakuja na chakula. Penye wasio na kazi, anakuja na kazi. Kwetu sura tatu zinajulikana sana.

Ya kwanza ni kazi katika shirika kubwa. Tangazo lina nembo na muhuri, mwishoni linaomba dola chache "za kufungua faili" au "za uchunguzi wa daktari". Umoja wa Mataifa hautozi pesa katika hatua yoyote ya kuajiri. Ukiombwa pesa, hakuna kazi.

Ya pili ni kupelekwa Marekani, Kanada au Australia. Wakimbizi wa Kongo walioko Nyarugusu na wa Burundi waliofika Lusenda wameyasikia maneno haya mara nyingi. Huduma zote za UNHCR ni za bure, na nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu haiuzwi. Anayekuomba pesa au picha ya karatasi zako kwa WhatsApp "ili jina lipande juu" anauza kitu ambacho hana, na zaidi ya hayo anabaki na karatasi zako.

Ya tatu ni pesa za makosa. Unapokea SMS inayofanana na ya kampuni ikisema umetumiwa faranga, kisha mtu anapiga akilia kwamba alikosea. Usirudishe kwa kuamini SMS. Angalia salio lako kwanza kwa njia ya kawaida. Kama pesa haipo, SMS ilikuwa ya uongo. Kama ipo, peleka jambo hilo kwa wakala au kampuni. Wao wana njia ya kuirudisha kwa mwenyewe.

Dalili ni zilezile katika sura zote tatu: haraka, siri na huruma. "Fanya sasa. Usimwambie mtu. Nisaidie." Ukiziona pamoja, weka simu chini, unywe maji, kisha umuulize mtu mwingine. Mlaghai huishi kwa haraka yako.

KOMPYUTA NA FLASHI

Virusi vya kompyuta ni programu ndogo zilizotengenezwa kuingia bila ruhusa na kujinakili. Tarehe 4 Mei 2000 barua pepe moja kutoka Ufilipino ilizunguka dunia ikiwa na kichwa cha habari kinachosema "Nakupenda". Waliofungua kiambatisho walipoteza mafaili, na barua ikajituma kwa marafiki zao wote. Mamilioni ya kompyuta yaliathirika. Hakuna aliyevunja mlango. Watu walifungua wenyewe kwa sababu barua ilitoka kwa mtu wanayemjua.

Hata kompyuta isiyo na intaneti si salama. Virusi vinavyoitwa Conficker vilivyojitokeza mwishoni mwa mwaka 2008 vilisafiri pia kwa flashi. Kwetu ripoti hupita mkononi: kutoka ofisi hadi burotiki ya kuchapisha, kisha kurudi. Tenga flashi moja ya kwenda nje tu, isiyo na kitu kingine isipokuwa karatasi unayotaka kuchapisha. Iliyobeba orodha na ushuhuda isitoke.

Mei 2017 virusi vingine, WannaCry, vilifunga mafaili katika nchi kama 150 na kudai malipo ili kuyafungua. Hospitali nyingi za Uingereza zilikwama. Dawa ilikuwepo: Microsoft ilikuwa imeitoa Machi mwaka huohuo, lakini wengi hawakuiweka. Kompyuta inapoomba kujisasisha, inaomba kuziba tundu ukutani. Tunajua megabaiti zinagharimu na mtandao ni wa polepole. Basi panga siku moja kwa mwezi, mahali penye mtandao mzuri, uifanye kazi hiyo yote pamoja. Na uwe na nakala ya mafaili muhimu kwenye diski nyingine iliyochomolewa na kuwekwa mbali na ofisi.

MFANO WA MSALABA MWEKUNDU

Mashirika ya misaada husema mara nyingine: "Nani atatuibia sisi? Hatuna pesa." Jibu lilikuja mwaka 2022. Tarehe 19 Januari Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika hifadhi ya habari za watu zaidi ya 515,000. Hao walikuwa watu waliotengana na familia zao kwa sababu ya vita, uhamiaji au majanga, watu waliopotea na jamaa zao, na wafungwa. Habari hizo zilitoka kwa vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu duniani. Mitambo ilizimwa, na kazi ya kuunganisha familia ikavurugika.

Uchunguzi ulionyesha kwamba wadukuzi waliingia tarehe 9 Novemba 2021 kupitia tundu ambalo dawa yake ilikuwepo lakini haikuwa imewekwa kwa wakati. Walikaa ndani siku 70 kabla ya kugunduliwa.

Sisi watu wa kando ya Tanganyika tunajua maana ya kazi hiyo ya kutafuta ndugu. Mtoto aliyepotezana na mama yake njiani anatoa jina la baba, la kijiji, la kabila, na mahali alipo sasa. Kwa mtu mwema, habari hizo zinamrudisha nyumbani. Kwa mtu mbaya, zinaonyesha nani yuko wapi.

Funzo kwa kamati zetu ndogo ni hili: kitu ambacho hukukiandika hakiwezi kuibiwa. Kabla ya kuandika jina la mwanamke aliyefanyiwa ukatili, au la shahidi aliyeona ng'ombe wakichukuliwa, jiulize kama jina lenyewe linahitajika. Mara nyingi namba au alama inatosha. Orodha ya majina na alama zake ikae kwa mtu mmoja, mahali pengine. Usipige picha ya orodha ya mahudhurio na kuituma kwenye kundi. Ukienda safari, usibebe katika simu mambo ambayo hungependa yasomwe kwenye bariere.

Tena, neno la siri la kuwashia kompyuta peke yake halitoshi. Mwizi anaweza kuchomoa diski na kuisoma katika kompyuta nyingine. Mwombe fundi unayemwamini aifunge diski nzima kwa usimbaji, yaani njia ya kugeuza maandishi yasisomeke bila ufunguo. Februari 2025 M23 walipoingia Bukavu, na Desemba 2025 walipoingia Uvira, watu wengi waliondoka ghafla. Anayeondoka ghafla huchukua watoto kwanza, na kompyuta inabaki mezani.

UJUMBE ULIOSAFIRI SANA

Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa njiani kwa usimbaji. Anayeusoma ni mtumaji na mpokeaji tu. Hilo linalinda siri. Halithibitishi ukweli. Uongo nao husafiri ukiwa umefungwa vizuri, na hakuna wa kuupima isipokuwa wewe unayeupokea.

Mwaka 2019 WhatsApp ilipunguza uwezo wa kusambaza ujumbe mmoja hadi mazungumzo 5 kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukabakiziwa mazungumzo 1 kwa mara moja. Ukiona alama ya mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umetoka mbali na aliyekutumia huenda hajui ulikoanzia.

Tunajua uzito wa jambo hili. Tarehe 9 Desemba 2021, huko Lweba, katika eneo letu la Fizi, afisa wa jeshi la taifa aliyekuwa Munyamulenge aliuawa na umati wa watu, na picha za tukio hilo zikazunguka katika mitandao. Familia ya marehemu iliuawa moyo mara ya pili na kila aliyezisambaza. Picha kama hizo humjaza mmoja hofu, mwingine hasira, na hakuna anayesaidiwa nazo. Kama una picha inayoweza kuwa ushahidi, ihifadhi, uifikishe kwa vyombo vya sheria au kwa watetezi wa haki za binadamu, usiipeleke kwenye kundi.

Kabla ya kusambaza, uliza maswali manne. Nani ameona kwa macho yake? Wapi hasa, kijiji gani? Lini? Nikikosea, nani ataumia? Picha nyingi za vita zinazokuja kwetu ni za kweli, lakini za mwaka mwingine au nchi nyingine. Mpigie simu mtu anayeishi mahali panapotajwa. Siku hizi kompyuta inaweza kuiga hata sauti ya mtu, kwa hiyo ujumbe wa sauti usiutegemee peke yake. Wanakamati wakubaliane ana kwa ana swali moja la kujitambulisha, ambalo jibu lake halijaandikwa popote. Katibu akituma jambo zito, ulizwe swali hilo kwanza.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya mambo ya kidijitali ya Kongo, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, inamwadhibu anayeanzisha na anayesambaza habari za uongo dhidi ya mtu, pamoja na anayeeneza maneno ya ubaguzi wa kikabila kwa njia ya kompyuta au simu. "Nilitumiwa tu, sikuandika mimi" hakumtoi mtu hatiani. Tena tukumbuke Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali iliposimamisha SMS nchi nzima. Mama aliyetaka kumwambia mwanawe kwamba amefika salama alinyamazishwa pamoja na wachochezi. Tukiwa walinzi wazuri wa ujumbe wetu, tunapunguza visingizio vya kuwafungia watu wote.

UKIWA UMESHAIBIWA

Usione haya, na usinyamaze. Kimya chako ndicho kinachomsaidia mwizi.

1. Wajulishe watu mara moja kwa simu ya kawaida au kwa simu ya jirani: "Akaunti yangu imeibiwa, msiamini kinachotoka huko." Anza na viongozi wa makundi, wakutoe.

2. Ingia upya katika WhatsApp kwa namba yako na uandike tarakimu 6 mpya za SMS. Mwizi anatolewa papo hapo. Kama ameweka namba yake ya ziada utasubiri siku 7 kabla ya kuingia, lakini yeye hawezi tena kuandika kwa jina lako.

3. Kama laini imeibiwa, nenda kwa kampuni na kitambulisho chako, waifunge na kukupa nyingine yenye namba ileile. Waombe pia wafunge akaunti ya pesa.

4. Badilisha maneno ya siri, ukianza na barua pepe, kwa sababu huko ndiko funguo nyingine zinakotumwa.

5. Kama kuna neno baya lililosemwa kwa jina lako, lirekebishe mahali palepale liliposemwa na mbele ya watu walewale. Likiwa zito, enda mwenyewe pamoja na wazee wa pande zote mbili. Simu imelitoa neno, lakini kulirudisha kunahitaji miguu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Soma makala hii kwa sauti pamoja na wenzako, kisha mjadiliane:

- Katika kikao chetu, ni wangapi wameweka kufuli la ziada katika WhatsApp? Wasio nalo wasaidiwe sasa hivi, kabla ya kuondoka.
- Tukipata ujumbe wa hatari usiku kuhusu kijiji jirani, tutampigia nani wa kabila lile jingine ili kuhakikisha? Je, tuna namba yake, na yeye ana yetu?
- Ni majina gani tunayoyahifadhi ambayo hatuyahitaji tena?
- Nani katika kijiji chetu anategemea simu ya mtu mwingine, na tunamlindaje?

Swali la pili ndilo kubwa. Namba za siri na usimbaji vitalinda simu. Lakini usiku ujumbe mbaya unapofika, kitakacholinda kijiji ni kwamba kuna mtu upande wa pili ambaye unaweza kumpigia, na atakapopokea ataijua sauti yako.